Mheshimiwa wa Mwezi Machi

Chumba cha kukatia karatasi, 4 Februari

Mwanangu, binti wa kaka yangu,

Shikamoo yako sijaisikia bado lakini najua iko njiani, kwa hiyo marahaba. Huku hatujambo, ukiondoa goti langu la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua na halijapatia hata mara moja. Baba yako mzima. Amenunua miwani mipya, anasema ile ya zamani ilikuwa inampunguzia herufi. Fundi saa wa ng'ambo ya barabara anakusalimu sana. Bado ananiambia "kesho" halafu saa inarudi baada ya wiki, nami bado naiangusha kwa makusudi ili nipate sababu ya kuirudisha. Hilo umelisoma, sasa lisahau.

Nipe habari za Mheshimiwa. Uliandika kwamba ana kipara, ana kitambi, na akishikwa na mtu asiyemjua anakunja uso kama anasubiri watu wakae ndipo ahutubie. Miezi mitano tu na tayari ana makuu hivyo! Akifika mwaka atataka dereva.

Sasa jambo lenyewe. Naandika kwa sababu simu ya ofisini iko mezani kwa baba yako. Kile kiwanda cha sabuni ya watoto kimetangaza shindano la picha. Unatuma picha ya mtoto asiyezidi mwaka mmoja, pamoja na karatasi tatu za kufungia sabuni yao, na watoto kumi na wawili watakaochaguliwa watawekwa kwenye kalenda ya mwakani, kila mmoja na mwezi wake. Mwisho wa kupokea picha ni mwisho wa Juni. Kalenda itatundikwa kila duka na kila zahanati. Na unadhani itachapwa wapi? Hapa kwetu. Mtambo wa rangi unaendeshwa na nani? Na huyo huyo aliyeapa.

Kiapo chake unakijua. Ni miaka mitatu sasa tangu lile jarida la shule ya wasichana litoke na nyuso za watoto wa watu zimepakazwa weusi kama wametoka kufagia jiko. Baba yako alisema mbele ya wafanyakazi wote kwamba picha za yule kijana mpiga picha zilikuwa nyeusi tangu mwanzo. Kijana akasema uchapaji ndio mbovu. Nawe, badala ya kuchagua upande, ukachagua mume. Siku ya harusi yako baba yako alishinda hapa akipaka grisi mtambo ambao haukuomba grisi, na akaapa kwamba picha iliyotoka mikononi mwa mumeo haitaingia nyumbani kwake. Kwa kuwa mwanao hapigwi picha na mtu mwingine, babu hajamwona mjukuu wake hata kwa karatasi. Bahasha zako zote ziko kwenye droo yangu.

Lakini, mwanangu, kiapo kilitaja nyumba. Hakikutaja mtambo. Na mchapaji hawezi kuchapa picha bila kuitazama. Unamjua anavyofanya: anaiweka chini ya taa, anaiinamia na kioo cha kukuzia, anakagua mpaka nyusi. Mheshimiwa akiingia kwenye kalenda, babu yake atamtazama asubuhi nzima, apende asipende.

Nitumie picha nzuri. Mtoto acheke, wanapenda wanaocheka.

Shangazi yako

*

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ukifika hapa itikia kwa sauti, maana Mheshimiwa anapenda watu wakipeana heshima hata kwa mbali. Sisi wazima. Chumba cha mbele ndicho studio na cha nyuma ndicho nyumba, kwa hiyo wateja wanasubiri zamu yao huku wakisikia mtoto anavyogomba kuogeshwa. Anakaa sasa, ila akichoka anaanguka upande mmoja polepole bila kulalamika, na akiwa chini anaendelea kukunja uso. Goti lako lipe pole. Fundi saa mpe salamu, na umwambie nimelisahau lile nililoambiwa nilisahau.

Kuhusu shindano, hapana. Najua utasema nimekuwa na kiburi tangu nizae. Lakini mwanangu si kipande cha sabuni, na tena hacheki. Shindano la watoto wanaocheka nimpeleke huyu? Watadhani tumewatumia picha ya mkaguzi wa hesabu.

Tena kuna mume wangu. Nilimtajia tu kwamba kalenda itachapwa huko kwenu, akaenda kufuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi. Tangu tuhamie huku anapiga picha za vitambulisho basi. Wakija kumwita kwenye harusi anasema kamera ina mafua. Mtu aliyekuwa akikimbizana na mwanga mji mzima sasa anawaambia watu "tazama hapa, usipepese," tangu asubuhi hadi jioni. Hataki picha yake ipite tena chini ya mtambo wa baba, na mimi siwezi kumlazimisha.

Yale ya jarida tuyaache, Shangazi. Kuyachokoa hakumsaidii mtu, na wewe unajua hivyo kuliko mimi.

Nakutumia picha hii moja kwa ajili yako peke yako. Mheshimiwa anatazama mguu wa kiti. Iweke kwenye droo na wenzake, usiipeleke popote.

Mwanao

*

Chumba cha kukatia karatasi, 2 Aprili

Mwanangu,

Nimeitikia kwa sauti kama ulivyoniagiza. Mfunga vitabu aliyeko meza ya pili akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia na serikali.

Huku hatujambo. Goti limetabiri ukame, ndipo mvua ikanyesha. Baba yako naye ana kituko. Juzi aliingia humu, akasimama karibu na mashine ya kukatia, akajikohoza. "Dada, hivi mtoto huota meno akiwa na miezi mingapi?" Nikamwuliza anauliza kwa niaba ya nani. Akasema kuna mteja anataka kuchapisha kijitabu cha afya. Mteja gani? "Mteja," akasema. Nikamwambia miezi sita, wengine saba. Akahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, akidhani sioni, kisha akasema, "Basi tayari." Nini tayari? "Kijitabu," akasema, akatoka. Mwanangu, mpaka leo nasubiri hicho kijitabu.

Sasa usinune. Picha nimeipeleka. Uliniambia nisiipeleke popote, nami nilikusudia kutii, lakini ilikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa begani, na bega likapita karibu na kiwanda cha sabuni. Karatasi za sabuni nilikuwa nazo tayari. Zinatakiwa tatu, mimi nikatoa tisa, maana tangu Februari nimewaogesha majirani wote kwa sabuni ya watoto. Fundi saa mwenyewe siku hizi ananukia kama amezaliwa jana. Yule bibi wa mapokezi aliitazama picha, akaniuliza kama mtoto ana tatizo na kile kiti. Nikamwambia ndivyo anavyotazama kila kitu. Akaandika namba arobaini na moja.

Mumeo mwambie au usimwambie, wewe ndiye mwenye nyumba. Yale ya jarida umesema tuyaache, nami nimeyaacha.

Andika upesi, hata kama ni kunigombeza.

Shangazi yako

*

19 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Sikuandika Aprili, sikuandika Mei. Nilikuwa nimekasirika, na hasira ya kweli haitaki stempu. Nilikwambia hapana kwa Kiswahili, wala sikuweka mafumbo. Ukaenda ukafanya vile vile ulivyotaka, halafu unaliita bega! Nilimwambia mume wangu. Alikula, akanawa, akaketi kizingitini mpaka watu wa vitambulisho wakaja kumwuliza kama amefunga.

Alikaa hivyo wiki nzima. Kisha asubuhi moja akaniuliza, "Ni picha ipi aliyopeleka?" Nikamwambia, ile ya mguu wa kiti. Shangazi, ndipo alipokasirika! "Ile? Ile niliyopiga taa ikiwa imezimika upande mmoja? Mzee ataiona ile aseme ndiyo kazi yangu?" Akasimama. Akafunga studio saa nne asubuhi, akateremsha kitambaa cha nyuma, akapandisha meza dirishani. Nilikuwa na miaka mitatu sijamwona akisogeza meza kwa ajili ya mwanga. Nilijifungia jikoni nikalia kidogo, halafu nikatoka kushika mtoto.

Filamu nzima imekwenda, picha thelathini na sita. Tuligundua kwamba Mheshimiwa anacheka kwa jambo moja tu duniani, nalo ni baba yake akipiga chafya. Basi nikampulizia mume wangu pilipili kidogo. Alipiga chafya, mtoto akacheka mpaka kitambi kikatikisika, lakini anayepiga chafya ndiye anayeshika kamera. Kila picha ya kicheko imetikisika, mtoto ana vichwa vitatu. Iliyotoka safi ni moja, baada ya pilipili kwisha, mtoto amekunja uso anatutazama kama wazazi waliomwangusha. Nyusi ni za baba yangu, kila mtu anaziona. Mume wangu akasema, "Hii hii."

Nimeifunga humu. Badilisha ile, muda bado upo. Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine nitakusamehe ukiacha kuwaogesha watu.

Kuna jambo moja nataka kukuuliza, Shangazi, tangu zamani. Na sitakuuliza.

Mwanao

*

Chumba cha kukatia karatasi, 27 Julai

Mwanangu,

Wazima, wazima, salamu nitaziandika mwishoni, maana siwezi kungoja. Amepita! Picha nilibadilisha kama ulivyoniagiza, na namba arobaini na moja ndiye mtoto wa mwezi Machi. Picha zilifika mia mbili na kitu, watoto wote wanacheka, wamevalishwa kofia, wameshikishwa maua. Nimesikia waamuzi walipofika kwa Mheshimiwa mwuguzi mmoja akaketi sawasawa kwenye kiti chake kama ameingiliwa na mkubwa wa kazi. Hapo wakaangua kicheko wote. Wakaona kalenda nzima ya vicheko itachosha, kunahitajika mmoja wa kusimamia wenzake.

Kuchapa ni mwanzoni mwa Oktoba. Baba yako hajui lolote. Picha zinakuja na namba tu. Amekuwa akiuimbia mtambo asubuhi, jambo ambalo hufanya akiwa na kazi ya rangi anayoitaka.

Umeandika kwamba una jambo hutaniuliza. Basi usiniuliize, mwanangu. Hebu ona, mpaka herufi zimeniongezeka. Saa yangu iko tena kwa fundi. Goti salama. Mbusu Mheshimiwa, kama inaruhusiwa.

Shangazi yako

*

30 Agosti

Shangazi, shikamoo. Mume wangu alisoma barua yako mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati, ikafuliwa pamoja na shati. Jumamosi iliyopita alikwenda kupiga picha za harusi, ya kwanza tangu tuhamie. Mheshimiwa ana meno manne na amemng'ata diwani. Mimi naogopa Oktoba. Baba akigundua amedanganywa atafunga mlango mara ya pili, na mlango wa pili haufunguki. Fanya taratibu.

Mwanao

*

Chumba cha kukatia karatasi, 15 Oktoba

Mwanangu,

Sijui nianze na salamu gani. Mimi mzima wa mwili. Baba yako naye ni mzima, nasikia mtambo wake ukutani. Tumechapa nusu ya kwanza ya kalenda, Januari mpaka Juni, tarehe tatu ya mwezi huu.

Nilijitafutia kazi ya uongo karibu na meza yake tangu asubuhi. Aliweka karatasi ya kwanza chini ya taa, akainama na kioo chake. Januari akapita, Februari akaguna, wekundu umezidi shavuni. Akafika Machi akakaa. Akakaa mpaka mtambo ukaanza kupoa. Kisha akaniita. "Dada, njoo uone. Aliyepiga hii anajua kazi. Tazama kivuli cha chini ya kidevu. Kimekaa mahali pake, hakijamla mtoto."

Nikanyamaza. Kunyamaza ndicho kipaji changu, utaona.

Akainama tena. "Lakini mtoto mwenyewe mbona ananitazama kama nimemkosea?"

"Kwa sababu umemkosea," nikasema.

Akainua kichwa. Akanitazama mimi, akatazama karatasi, akavua miwani yake mipya akaifuta kwa aproni yenye wino, akaivaa ikiwa chafu kuliko mwanzo. Hakuniuliza ni mtoto wa nani. Alizitambua nyusi zake. Aliuliza tu, "Ana meno mangapi sasa?" Nikamwambia sita, nikibahatisha. "Sita," akasema. Nikaona midomo inamcheza, nikasema moyoni, tumeshinda.

Lakini yeye ni fundi, na fundi akizidiwa hukimbilia kazi. Akazipanga karatasi vizuri, akasema, "Hizi zikauke siku mbili kabla hujazikata. Siku mbili kamili, dada, kama ulivyozipa zile za shule."

Mwanangu, hapo ulimi wangu ukanishinda. Nikamwambia, "Zile hazikukaa."

Sasa nakwambia na wewe. Wino wa jarida lile ulikuwa mbichi. Alichapa Ijumaa asubuhi, mimi nikazikata saa tisa alasiri siku hiyo hiyo. Mashine ikazibana, wino wa ukurasa huu ukalala juu ya nyuso za ukurasa ule. Baba yako aliponiuliza kama zilikaa siku mbili, nikasema zilikaa. Basi akapiga hesabu ya fundi: kama siku mbili hazikutosha kukausha, maana yake wino ulikuwa mwingi mno, na wino huwa mwingi kwa sababu picha ni nyeusi. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Uongo ulikuwa wangu. Mumeo akakosa kazi mji mzima, wewe ukahama, na mimi nikaendelea kukata karatasi.

Na ilikuwa kwa sababu gani? Kwa sababu fundi saa aliniambia kuna sinema ya saa kumi na mbili, nami nikataka nipate muda wa kuoga na kubadili nguo. Akaja saa moja. Akasema saa yake ilichelewa. Unaweza kucheka, mimi mwenyewe ningecheka kama isingekuwa yangu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka mitatu, na nimeitembea kwa miguu.

Baba yako aliketi juu ya rundo la karatasi, yeye anayetufukuza sote tukijaribu kuketi juu ya karatasi. Hakupaza sauti. Alisema, "Sikukuuliza mara ya pili. Kwa kuwa ni wewe, sikukuuliza mara ya pili." Akaenda kunawa mikono. Karatasi za kalenda alimpa mfunga vitabu azikate. Leo siku ya kumi na mbili hajanisemesha, ila "sogea".

Nimekukosea wewe, nimemkosea mumeo, nimemkosea kaka yangu. Mama yako alipotutoka, nilikushika mkono nikasema mtoto huyu hatakosa kitu nikiwa hai. Nikakukosesha baba. Ukitaka kuniandikia, niandikie. Usipotaka, nitaelewa, na bahasha zako nitazitunza vile vile.

Shangazi yako

*

9 Novemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Itikia, tafadhali, hata kwa sauti ndogo. Sisi wazima, Mheshimiwa anatembea akishika ukuta, na meno ni manane, kwa hiyo ulibahatisha vibaya.

Jumamosi asubuhi studio ilikuwa imejaa wanafunzi wa picha za vitambulisho. Mimi nilikuwa mezani nakata picha, sikuinua kichwa. Mume wangu akaita, "Anayefuata!" na aliyesimama akawa baba. Alikuwa amekaa kwenye foleni, Shangazi, kati ya mabinti wawili wa sare, amepakata mkoba, anangoja zamu yake. Sijui alikaa muda gani. Mkasi uliniponyoka.

Mume wangu naye akasema la kila siku. "Picha ya kitambulisho, mzee?"

"Ya ukutani," baba akasema. "Ukutani kwangu, sebuleni."

Kisha akamwambia, mbele ya mabinti wale wote, kama alivyomwaibisha mbele ya wafanyakazi: "Lile jarida lilikatwa bichi. Picha zako zilikuwa nzuri, nami nilizisema vibaya. Nilikuharibia jina, mwanangu. Nimekuja kukwambia." Mume wangu akaangalia chini, akarekebisha taa ambayo ilikuwa sawa. Akasema, "Kaa vizuri basi, mzee." Baba akakaa. Akasema taa iko chini mno. Mume wangu akasema iko mahali pake. Wakabishana dakika tano kuhusu taa, na mimi nikiwatazama nilijua wamepatana.

Nikamleta Mheshimiwa nikamweka mapajani pake. Wakatazamana. Hakuna aliyemchekea mwenzake. Picha imetoka wote wawili wamekunja uso sawasawa, kama wanagombea kiti kimoja. Ameibeba.

Baadaye, tukiwa chumba cha nyuma, mtoto amekwisha kumvua miwani, baba akaniuliza bila kunitazama. "Wewe ulijua?"

Nikamwambia nilijua. Nawe sasa nakwambia, maana hilo ndilo nililokuwa sitaki kukuuliza. Ile Ijumaa nilirudi chumba cha kukatia kuchukua mwavuli wangu. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Nikaona karatasi zimekatwa, nikagusa moja, kidole kikatoka cheusi. Nilisimama pale muda mrefu. Nilingoja useme Jumatatu, nikangoja wiki, nikangoja mpaka harusi. Nilikukasirikia, sitakuficha, kuna siku nilikukasirikia sana. Mume wangu nilimwambia kabla ya ndoa, kwa sababu hakustahili kuoa siri. Kesho yake akasema, "Mwache. Mimi nina wewe. Baba yako akimkosa dada yake atabaki na mtambo."

Baba aliposikia hivyo alimrudisha mtoto mikononi mwangu, akatoka nje akasimama kidogo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni zile dawa za kusafishia picha. Nikamwambia siku hiyo hatukusafisha picha.

Nimekusamehe, Shangazi, na ile nusu ya Juni uichukue humo humo. Wewe ndiye uliyenisuka nywele na kunifundisha kukata karatasi bila kujikata. Mtu kama huyo simtupi kwa sababu ya sinema moja. Na fundi saa mwambie akuoe, amechelewa vya kutosha.

Baba anaondoka leo. Anasema nusu ya pili ya kalenda anachapa Jumatano, na mfunga vitabu anakata kombo, kwa hiyo ukate wewe. Nikamwuliza mbona asikwambie mwenyewe, mnafanya kazi mlango kwa mlango. Akasema, "Nitaanzia wapi?" Nikamwambia aanzie na barua.

Ndiyo maana hii haina stempu. Ameiweka kwenye mfuko wa koti, na ameniahidi atakupa kwa mkono wake. Kama unaisoma, basi amekupa. Na namjua, hajaondoka. Amesimama hapo karibu na mashine yako, anajifanya anakagua kisu. Inua macho, Shangazi. Mwambie akae.

Mwanao